Sheria inauliza nia, wagonjwa wanakufa kwa matokeo



Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi hapa Marekani. Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja mweusi, siku mbili baada ya kujifungua, aliniambia kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Nikamwita daktari, akasema ni uchovu tu, apewe dawa ya maumivu. Nami nikaandika kwenye faili: "analalamika sana." Usiku ule akapata kifafa cha mimba. Aliponea chupuchupu.

Daktari yule si mtu mbaya. Mimi mwenyewe ni mweusi, Mtanzania. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hapo ndipo sheria inapotuacha.

Mwaka 2023 walikufa kwa uzazi wanawake weusi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, wazungu 14.5. Msiniambie ni umaskini tu, kwani hata weusi wenye digrii wanakufa zaidi kuliko wazungu wasiomaliza sekondari.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi popote penye fedha za serikali kuu. Na iliwahi kuuma! Mwaka 1966, Medicare ilipoanza, hospitali iliyotenga wagonjwa kwa rangi ilinyimwa fedha hizo. Zaidi ya hospitali 1,000 ziliacha ndani ya miezi michache. Kumbe si lazima kusubiri mioyo ibadilike.

Lakini mwaka 2001, katika kesi ya Alexander v. Sandoval, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chini ya sheria hiyo mtu binafsi hawezi kushitaki kwa matokeo ya kibaguzi. Lazima athibitishe makusudi. Zikabaki ofisi za serikali, nazo Aprili 2025 Rais Trump akaziagiza ziachane na kigezo cha matokeo.

Hoja yangu: Bunge la Marekani liturudishie haki ya kushitaki hospitali kwa matokeo, na kila hospitali itangaze vifo na madhara ya uzazi kwa rangi, la sivyo ikose fedha. Wenye uraia, wabaneni wabunge wenu. Na sote, ukipuuzwa, mwambie daktari aandike kwenye faili kwamba umeomba kipimo naye amekataa. Bila maandishi kesi yako inakuwa ngumu.

Yule dada hakushitaki. Faili lilisema analalamika sana, na mwandiko ulikuwa wangu.