Utingo, wachukue na wanafunzi wangu!

Mie mtoto wa Mombasa niko Pemba, mazoezi ya kufundisha, na kila asubuhi napanda 606, gari ya Chake na Wete. Kwetu Kenya sheria za waziri Michuki, 2004, ziliweka matatu za Nissan abiria 14 na mikanda. Huku twabanana goti kwa goti, kikapu cha mtu mapajani, salamu haziishi. Hilo nalipenda, kusema kweli. Linaloniudhi ni hili: watoto wa skuli nauli yao ndogo, basi utingo anawapita kituoni, mimi naitwa "mwalimu, panda!" Wakifika, somo la kwanza lishaisha, na bakora zinawangoja kwa kuchelewa. Wachapwe kwa lipi? Mie kwenye kipindi changu siwaandiki, na anayekasirika akamuulize utingo.