Mashini ya kuosha tapi au mikono ya wamama? Tupige hesabu kwanza

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu, ninyi wa hapa Goma na ninyi mliotawanyika tangu kambi za Bulengo na Lushagala zivunjwe mwanzoni mwa mwaka 2025, leo sitaongea habari za usalama. Nataka tuongee habari ya tapi. Najua kuna atakayecheka. Lakini wengi wenu, hasa wamama, mnalisha watoto kwa kufua vitu vya watu wengine. Uamuzi mdogo unaochukuliwa kwenye meza ya ofisi unaweza kufanya chungu chenu kisipande motoni siku hiyo.

Studio ya redio yetu imewekwa tapi chini na ukutani. Siyo mapambo. Chumba kitupu kinarudisha sauti, na mtangazaji anasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tapi inameza ule mwangwi. Shida ni kwamba inameza na vumbi. Na vumbi la Goma mnalijua: mawe ya volkano ya mwaka 2002 na ya mwaka 2021 yanasagwa kila siku na magari, pikipiki na chukudu, halafu upepo unayaleta mpaka kwenye sahani. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, ukipiga tapi yetu kofi moja, mkono unarudi mweusi.

Siku moja mwenzetu wa habari za asubuhi alikohoa mara tatu hewani. Msikilizaji mmoja wa Ndosho akapiga simu kuuliza kama ndugu yetu ni mgonjwa. Ndipo uongozi ukaita kikao. Swali lilikuwa moja: tununue mashini ya kuosha tapi, au tuendelee kulipa watu wa kutuoshea?

Watu wenyewe ni wamama wawili waliokimbia vita Masisi. Wanatuoshea tapi zetu kwa mwaka wa pili sasa. Majina yao nayahifadhi. Nilimfuata mmoja wao nyumbani anakopanga, nikamuuliza, "Mama, ukisikia tunaleta mashini, utasema nini?" Akacheka kidogo. Akanijibu, "Mwanangu, mashini siyo adui yangu. Mgongo huu unaniuma. Lakini mjiulize, hiyo mashini itakula nini, na mimi nitakula nini?"

Nilirudi na maswali yake yote mawili. Tuanze na la kwanza.

Mchuuzi alituomba dola 220 kwa mashini iliyokwisha kutumika. Wamama wale tunawalipa dola 15 kwa tapi zote, mara nne kwa mwaka. Hiyo ni dola 60. Ukigawa 220 kwa 60, unaona mashini itaanza kurudisha pesa yake baada ya miaka mitatu na miezi minane. Sabuni na maji sijaviweka ndani ya hesabu kwa sababu vinahitajika kwa njia zote mbili. Lakini ongeza umeme. Ongeza fundi siku mota itakapoungua. Ongeza kipande kitakachokosekana hapa mjini, kiagizwe mbali, na mashini ikae pembeni miezi mitatu ikingoja. Miaka mitatu na miezi minane inakuwa mitano, na nani kati yetu anajua atakuwa wapi baada ya miaka mitano?

Umeme nao tuuseme wazi. Kiwanda cha Matebe, kilichozinduliwa mwisho wa mwaka 2015, kimesaidia sana, lakini si kila parsele imeungwa, na penye umeme bado unakatika. Mtu atasema tuwashe jenereta. Zile jenereta ndogo ambazo wengi wetu tunazo hutoa chini ya wati 1000. Mashini nyingi za namna hii zinaomba wati kama hizo au zaidi. Ukiiwasha, jenereta inalia kidogo halafu inazima. Utanunua basi jenereta kubwa kwa ajili ya kuosha tapi?

Kuna pia jambo la pesa mkononi. Tangu mabenki yafunge milango hapa mjini mwanzoni mwa mwaka 2025, kila mtu anajua taabu ya kupata pesa taslimu. Dola 220 ambazo ziko kwenye kasha leo zinaweza kununua mafuta, kulipa pango, au kumpeleka mfanyakazi hospitali. Zikishaingia ndani ya mashini hazitoki tena. Ukitaka kuiuza wakati wa shida, mnunuzi atakupa nusu.

Sitaki kuidhulumu mashini. Kuna kazi inayoifanya vizuri kuliko mkono. Inatia maji na sabuni, inasugua, halafu inanyonya sehemu kubwa ya maji machafu. Kwa hiyo tapi inakauka upesi. Tapi iliyokaa na maji siku mbili inaanza kunuka, na ukungu unaingia ndani yake. Ukungu huo nao unakohoza. Miezi ya mvua hilo ni jambo kubwa. Na tapi iliyogandishwa kwa gundi sakafuni huwezi kuibeba kuipeleka nje. Hoteli yenye vyumba vingi, sali ya arusi inayojaa kila Jumamosi, kanisa lenye tapi kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, hao wanaweza kununua mashini na isiwe ujinga. Wanaosha kila juma. Dola zao zitarudi ndani ya miezi, si miaka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni rahisi: hesabu mara unazoosha, usihesabu uzuri wa mashini. Nyumba yenye tapi moja ya sebuleni inayooshwa mara tatu au nne kwa mwaka haina sababu ya kununua. Jirani yangu alinunua. Leo mashini yake imefunikwa na kitenge, juu yake kuna televisheni.

Sasa swali la pili la mama: na mimi nitakula nini? Hapa nina neno na wale wanaosema, "Tusinunue, wamama wako, tena ni rahisi." Ni rahisi kwa nani? Hapa mjini mtu anamwita mama aliyekimbia vita bila kupatana bei. Mama anatafuta maji mwenyewe, bidoni kwa bidoni. Tapi ikishalowa inakuwa nzito kama mtu mzima, na anaibeba. Anasugua kwa javeli bila glavu mpaka vidole vinachubuka. Jioni anaambiwa, "Mama, pita kesho." Kesho inakuwa juma lijalo. Ukifanya hivyo hujapata kazi ya bei rahisi. Umemkopa mtu asiye na kitu, bila kumuuliza.

Na sisi wa redio tusijifanye malaika. Mwaka jana tuliwangojesha wamama hao wawili siku kumi na nne kwa sababu mwekahazina alikuwa safarini. Tulikuwa tukitangaza kila asubuhi habari za haki za waliokimbia vita, na hapo hapo tulikuwa na deni lao la dola 15. Niliona haya. Bado naona haya.

Kwenye kikao nilipendekeza hivi. Tusinunue mashini mwaka huu. Tupatane na wamama bei kwa kila tapi, iandikwe kwenye karatasi, kila upande ubaki na nakala. Walipwe siku ile ile, kabla hawajatoka kwenye parsele. Maji, sabuni na glavu tutoe sisi. Na sisi wenyewe tuvue viatu mlangoni mwa studio, kwa maana vumbi jingi tunaliingiza kwa miguu yetu. Tapi za chini zipigwe fimbo nje kila Jumamosi baada ya salongo. Tukifanya hayo mawili, huenda kuosha mara nne kukawa mara tatu. Hapo tuwaongezee wamama bei kwa kila mara, ili wasipoteze kwa sababu ya usafi wetu.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Kwa nini wamama wenyewe wasinunue hiyo mashini kwa AVEC yao, wakaosha mji mzima?" Ni wazo zuri, na nimelisikia hata kwa watu wa miradi. Lakini nawaomba wamama mnaonisoma: msiweke akiba ya mwaka mzima ndani ya kitu kimoja kabla hamjawa na wateja mkononi. Kwanza tafuteni sali moja, kanisa moja na hoteli moja watakaokubali kwa maandishi kwamba mtaosha kwao kila mwezi. Ulizeni nani ataihifadhi mashini usiku, nani atalipa fundi, na mtafanya nini mkilazimika kuhama tena. Tapi ya mteja inaweza kuachwa, mashini ya kikundi ikiachwa ni akiba ya watu ishirini imekwenda. Njia ya kati ipo: wenye sali na kanisa wachange wanunue, mashini ikae kwao, na wamama wawe ndio wanaoiendesha na kulipwa kwa kazi. Mgongo unapona, na kazi inabaki.

Kwa wale mnaofua au mnaofulisha kesho, machache niliyofundishwa na wamama wetu. Pigeni vumbi lote litoke kwanza tapi ikiwa kavu. Vumbi la volkano likilowa linakuwa tope na haliishi. Jaribuni rangi pembeni kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na rangi, msitie maji ya moto wala javeli. Sabuni iwe kidogo, maji ya kusuuza yawe mengi, kwa sababu sabuni inayobaki inashika uchafu mpya upesi. Tundikeni tapi juu ya ukuta au mti, upepo upite pande zote mbili, wala msiirudishe ndani mpaka ikauke hadi chini ya nyuzi. Na tafadhali, msiioshee ufukweni pale watu wanapochota maji ya kunywa. Kipindupindu tunakijua hapa. Beba maji, osha mbali na ziwa.

Kikao chetu kinarudi Ijumaa. Wenzangu watatu wanataka mashini, wawili tunasema bado, na mkurugenzi hajasema neno. Huenda nikashindwa kwa kura, na mashini ikaja. Ikija, nitaomba jambo moja tu liandikwe kwenye ripoti: watakaoishika wawe ni wale wamama wawili, kwa bei iliyopatanwa, na walipwe jioni ya siku hiyo. Wametuondolea vumbi miaka miwili ili ninyi mtusikie vizuri. Haifai wajue habari ya kazi yao kuisha kwa kukuta mlango umefungwa.

Wewe unayefua, na wewe unayefulisha, tupigie simu Jumatatu kwenye kipindi cha asubuhi. Tuambie unalipwa namna gani, au unalipa namna gani. Majina hatutayataja.