Goti lililochanika kwenye picha: Nani hasa anahitaji kisu?

Bingwa wa tenisi Novak Djokovic alipasuliwa goti na kurudi uwanjani kabla mwezi haujaisha. Je, mwalimu wa miaka 52 anayeamka na maumivu ya goti naye akimbilie chumba cha upasuaji? Utafiti wa miaka zaidi ya 20 unatoa jibu linalowashangaza wengi.

Juni 3, 2024, katika mashindano ya wazi ya Ufaransa mjini Paris, Djokovic aliumia goti la kulia akicheza dhidi ya Muargentina Francisco Cerúndolo. Alishinda mechi hiyo ya seti tano, lakini kipimo cha MRI siku iliyofuata kilionyesha kuwa meniskasi yake ya upande wa ndani imechanika. Alijitoa mashindanoni, na Juni 5 akafanyiwa upasuaji. Julai 14 alikuwa kwenye fainali ya Wimbledon, ambako alishindwa na Carlos Alcaraz. Agosti 4, kwenye viwanja vile vile vya Paris alikoumia, alimshinda Alcaraz na kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki akiwa na umri wa miaka 37.

Habari za aina hii hujenga imani fulani vichwani mwa watu: goti likichanika, dawa yake ni kisu. Leo hospitali kubwa za Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa zina mashine za MRI, na upasuaji wa goti kwa njia ya matundu madogo unafanyika katika ukanda wetu. Mgonjwa anatoka na bahasha yake ya picha, na katika maelezo yote anakumbuka neno moja tu: limechanika. Ni wangapi kati yao wanahitaji kweli kupasuliwa?

Gegedu dogo, kazi kubwa

Kila goti lina meniskasi mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Ni magegedu yenye umbo la mwezi mchanga, yaliyokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kazi yake ni kupokea mzigo wa mwili na kuusambaza ili mifupa isisagane. Mguu ukiwa umenyooka, magegedu haya hubeba takriban nusu ya mzigo unaopita gotini, na mtu anapochuchumaa hubeba zaidi.

Kuchanika kwake huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ajali: kijana anacheza mpira, mguu umekita ardhini, mwili unageuka, goti linajipinda. Husikika mlio, kisha goti huvimba baada ya saa chache au siku ya pili. Ya pili ni uchakavu: gegedu la mtu wa makamo hulegea na kuchanika kidogo kidogo bila ajali yoyote, kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi. Njia zote mbili huandikwa kwenye majibu kwa neno lile lile, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Picha na maumivu havilingani

Daktari mzuri huanza kwa kusikiliza na kushika. Goti liliumia lini na vipi? Linakwama? Maumivu yako wapi hasa? Kisha hubonyeza mstari wa kiungo, hukunja goti na kulizungusha kwa utaratibu uliopewa jina la daktari wa mifupa wa Liverpool, Thomas Porter McMurray. Eksirei haionyeshi meniskasi, lakini inaonyesha mifupa na nafasi kati yake, hivyo humsaidia daktari kujua kama goti limekwisha kusagika.

MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio bila mionzi ya eksirei, ndiyo inayoionyesha meniskasi yenyewe. Gegedu zima huonekana jeusi. Likichanika, mstari mweupe hulikata mpaka ukingoni. Kwa kuona mchaniko, kipimo hiki ni kizuri sana. Kasoro yake ni kwamba hakiwezi kusema kama mchaniko huo ndio unaouma.

Mwaka 2008 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Framingham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Watafiti waliwapiga picha za MRI watu 991 wa kati ya miaka 50 na 90, waliochaguliwa bila kujali kama wanaumwa goti au la. Miongoni mwa wanawake wa miaka 50 hadi 59, asilimia 19 walikuwa na meniskasi iliyochanika au kuharibika. Kwa wanaume wa miaka 70 hadi 90, idadi ilifika asilimia 56. Na kati ya wote waliokutwa na mchaniko, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu wa goti katika mwezi uliotangulia.

Maana yake ni nzito. Ukimpiga picha mtu wa miaka 60 aliyesimama kituoni akisubiri daladala, huenda ukakuta mchaniko asioujua. Na mwenye maumivu akikutwa na mchaniko, bado inawezekana kwamba maumivu yanatoka kwingine: kwenye kusagika kwa kiungo, kwenye misuli iliyodhoofu au hata kwenye nyonga.

Upasuaji wa kuigiza

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi: je, kuukata mchaniko huo kunaondoa maumivu? Madaktari wa Finland waliamua kulijibu kwa njia isiyo ya kawaida. Waliwachukua wagonjwa 146 wa kati ya miaka 35 na 65, wenye meniskasi ya ndani iliyochanika kwa uchakavu na ambao magoti yao yalikuwa hayajasagika. Wote walikubali mapema kwamba kura ingeamua nani akatwe na nani afanyiwe upasuaji wa kuigiza tu.

Wote waliingia chumba cha upasuaji, wakatobolewa na kuchunguzwa gotini kwa kamera. Kundi moja likakatwa sehemu iliyochanika. Kwa kundi la pili daktari aliomba vifaa, akaligeuza goti na kufanya ishara zote za kazi, lakini hakukata kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti ya maana kati yao haikuonekana. Wagonjwa hao walipofuatiliwa hadi miaka mitano, picha zilionyesha kwamba kusagika kwa goti kumeongezeka kwa asilimia 72 ya waliokatwa, ikilinganishwa na asilimia 60 ya wale wa kundi la kuigiza.

Norway nako, utafiti wa mwaka 2016 uliwalinganisha watu 140 wa umri wa makamo: nusu walipasuliwa, nusu walifanya mazoezi ya tiba kwa wiki 12. Baada ya miaka miwili hali zao zilikuwa sawa, na waliofanya mazoezi walikuwa na misuli yenye nguvu zaidi katika miezi ya mwanzo. Karibu mmoja kati ya watano wa kundi la mazoezi aliamua baadaye kupasuliwa, kwa hiyo mazoezi si muujiza. Lakini wanne kati ya watano hawakukihitaji kisu.

Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu na wagonjwa, katika jarida la BMJ, lilitoa pendekezo kali dhidi ya upasuaji wa matundu kwa karibu wagonjwa wote wenye goti lililochakaa, wakiwemo wenye meniskasi iliyochanika.

Wanaohitaji upasuaji

Hata hivyo, itakuwa kosa kusoma tafiti hizi kana kwamba zimeufuta upasuaji wa meniskasi. Zinamhusu mtu wa makamo mwenye uchakavu. Kijana wa miaka 20 ambaye goti lake limekwama baada ya kuumia mpirani, haliwezi kunyooka, ana tatizo jingine kabisa. Kipande cha meniskasi huenda kimejikunja na kuingia katikati ya kiungo. Huyo anapaswa kuonwa na daktari wa mifupa haraka, kwa sababu kadiri siku zinavyopita ndivyo nafasi ya kukiokoa kipande hicho inavyopungua. Vivyo hivyo kwa aliyechanika meniskasi pamoja na kano kuu ya goti, na kwa baadhi ya watu ambao mzizi wa meniskasi umeng'oka ghafla.

Hapo linakuja swali la kukata au kushona. Sehemu ya nje ya meniskasi, takriban theluthi yake, ina mishipa ya damu na inaweza kupona ikishonwa. Sehemu ya ndani haina damu na mara nyingi haishikani. Kukata kunamrudisha mtu haraka, pengine ndani ya wiki chache. Kushona kunataka magongo, kuepuka kuchuchumaa kwa miezi kadhaa, na kwa mwanamichezo, kukaa nje nusu mwaka au zaidi. Anayechagua njia ya haraka anaweza kuilipia baadaye. Tangu mwaka 1948 daktari Muingereza Fairbank alionyesha kwa picha za eksirei jinsi goti linavyobadilika na kuchakaa baada ya meniskasi kuondolewa.

Wala kisu hakimrudishi kila nyota. Mchezaji wa mpira wa kikapu Lonzo Ball wa Chicago Bulls aliumia meniskasi Januari 2022. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, ukiwemo wa kupandikizwa gegedu, na akarudi uwanjani Oktoba 2024, baada ya takriban siku 1,000. Kisa chake hakikusambaa kama cha Djokovic, ingawa nacho ni cha kweli vile vile.

Makosa mawili ya Afrika Mashariki

Katika ukanda wetu makosa yanatokea pande mbili kwa wakati mmoja. Mwenye bima nzuri au fedha mkononi anaweza kupigwa MRI kabla hata goti lake halijashikwa, kisha akapasuliwa mchaniko ambao haukuwa chanzo cha maumivu. Mwendesha bodaboda ambaye goti lake limekwama kweli hukandwa kwa maji ya moto, huvutwa mguu na mganga wa mifupa wa mtaani, na hufika hospitali baada ya miezi, gegedu likiwa limeharibika.

Kwa hiyo mjadala huu unahusu pia mfuko wa umma. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilianza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Mifuko hii italazimika kuamua ilipie nini. Kulipia upasuaji wa goti lililochakaa na kukataa, au kubana mno, wiki 12 za fiziotherapia ni kutumia fedha nyingi kununua kile ambacho ushahidi unakitilia shaka. Mahali pa fedha hizo ni kwa wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali za wilaya na kaunti, na kwa rufaa ya haraka ya goti lililokwama.

Kwa mgonjwa mwenyewe, kuna maswali manne ya kumuuliza daktari kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji. Je, mchaniko huu ni wa ajali au wa uchakavu? Una uhakika gani kwamba ndio unaoniuma? Nikifanya mazoezi kwa miezi mitatu kwanza, nitapoteza nini? Na kama ni lazima kupasuliwa, utakata au utashona?

Mazoezi yenyewe hayana gharama kubwa: kukaa na kuinuka kitini, kupanda na kushuka ngazi taratibu, kuendesha baiskeli, na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Yanataka uvumilivu na mtu wa kuyasimamia mwanzoni. Ni salama kuliko kumeza diclofenac ya dukani kwa miezi bila uangalizi, jambo linaloweza kuumiza tumbo na figo.

Djokovic alikuwa na goti lililoumia ghafla, timu ya madaktari na kazi isiyosubiri. Mwalimu wa miaka 52 ana mahitaji mengine: kusimama darasani, kupanda ngazi, kupiga magoti katika ibada na kuchuchumaa chooni bila kuumia. Tiba yake ipimwe kwa hayo.