Adhabu Hafifu Zikatiwe Rufani

Mwananchi anaposikia kwamba mwizi wa mbuzi amefungwa miaka kadhaa, na aliyeghushi hati za malipo akatia kibindoni fedha za umma ametozwa faini na kurudi nyumbani siku ile ile, huuliza: je, sheria ni ya wanyonge peke yao? Swali hilo si uchochezi. Linastahili jibu.

Jibu limo katika sheria zetu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka haki ya kukata rufani Mahakama Kuu, si pale tu mshtakiwa anapoachiwa huru, bali pia pale adhabu isipolingana na kosa. Taarifa ya kusudio hutolewa ndani ya siku 30, na rufani yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45.

Haki hiyo haina budi kutumiwa. Mwaka 2008 Taifa lilielezwa kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa mwaka 2005 katika akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, sehemu kubwa kwa hati za kughushi. Mwizi wa namna hii havunji mlango. Silaha zake ni kalamu na muhuri. Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7 kwa kosa la kughushi. Adhabu hafifu ikiachwa bila kupingwa, kesho itakuwa kipimo cha mashauri mengine.

Hata hivyo, rufani si kisasi, wala si njia ya kuiamrisha Mahakama. Majaji hawabadili adhabu kwa sababu tu wao wangetoa nyingine. Huibadili pale hakimu alipokosea kanuni, au adhabu ilipokuwa ndogo kupita kiasi kwa dhahiri. Naye mshtakiwa sharti asikilizwe. Ndivyo ipasavyo.

Hapo ndipo wajibu wa watumishi wa umma unapoanza. Majaji wa rufani husoma kumbukumbu za shauri, hawasomi hasira za wananchi. Ikiwa mhasibu hakuleta daftari, mkaguzi hakufika kutoa ushahidi, na mwalimu mkuu amepoteza stakabadhi za fedha za shule, hasara itajulikanaje? Na ikiwa mwendesha mashtaka, alipotakiwa kusema neno kabla ya adhabu, alijibu tu kwamba mshtakiwa hana makosa ya nyuma, bila kueleza darasa lililokosa paa au zahanati iliyokosa dawa, rufani itasimama juu ya nini?

Tunasema, basi: waendesha mashtaka wasilale siku 30 zikapita, nasi watumishi tutunze kumbukumbu na kufika mahakamani tunapoitwa. Cheo ni dhamana. Anayekigeuza kuwa ufunguo wa hazina ya umma aadhibiwe kwa kadiri ya kosa lake, kama anavyoadhibiwa mnyonge.