MFAMASIA ASEME

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilihimiza wanafunzi wa kazi mbalimbali za afya wafundishwe pamoja. Nasi twaunga mkono, ila twauliza: mwanafunzi wa ufamasia atajifunzia wapi kumkatalia daktari? Kitabuni hapana. Na awekwe kando ya kitanda chenye sanamu ya mgonjwa, pamoja na wanafunzi wa udaktari na uuguzi. Mgonjwa anatumia warfarini. Daktari anamwandikia metronidazoli. Dawa hizi zikikutana, damu yaweza kuvuja isizuilike. Mfamasia ajua, lakini anyamaza kwa haya, kwani amezoeshwa kukaa nyuma ya dirisha la dawa. Mfanyakazi aliyelazwa ndiye angelipia kimya hicho. Basi mwalimu asimamishe zoezi, amwulize pasipo kumfedhehesha: mbona hukusema? Na daktari naye aulizwe, mbona hakuuliza. Kisha zoezi lirudiwe siku ile ile.