Diski mpya igawanywe mbele ya mwenyewe

MEZA YA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Shekue

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta za nyumbani zimekuwa zikipelekwa kwa mafundi, na ushauri ni ule ule: nunua diski ya SSD, tupige Windows upya. Ushauri huo siupingi. Ninachokipinga ni desturi ya kuiacha kompyuta dukani asubuhi na kuifuata jioni, kana kwamba kinachofanyika katikati hakimhusu mwenye mali.

Kinamhusu sana. Diski mpya hufungwa ikiwa tupu kabisa, wala haionekani kwenye dirisha la mafaili la Windows. Wako wanaoirudisha dukani wakidai ni mbovu, kumbe inasubiri kuandaliwa: iwekewe jedwali la mgawanyo, ikatwe sehemu, kisha kila sehemu ifomatiwe. Kila hatua ina uamuzi wake, na kuubadilisha baadaye ni tabu.

Jedwali ni la aina mbili. MBR, iliyokuja mwaka 1983 na PC DOS 2.0, inakubali sehemu kuu nne tu, na kwa diski za kawaida haivuki terabaiti 2 na kidogo. GPT imevuka mbali mipaka hiyo, tena huweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski, ili la mwanzo likiharibika pawe na la akiba. Kwenye mashine yenye UEFI, mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS, sioni sababu ya kuchagua MBR. Lakini majumbani bado zimo kompyuta za mtumba zenye BIOS ya zamani, ambazo haziwezi kuwasha Windows kutoka kwenye diski ya GPT. Hapo fundi akichagua MBR yuko sahihi. Muulize tu amechagua ipi, na kwa nini.

Sasa sehemu, na hapa ndipo penye jambo langu hasa. Mafundi wengi hukata mbili, C ya Windows na D ya mafaili, na mgawo huo naupenda: siku Windows ikigoma, C inafutwa na kupigwa upya, D haiguswi. Ila Windows haina habari na makubaliano hayo. Desktop, Documents, Pictures na Downloads zote hukaa C mpaka mtu azihamishe. Mwalimu anatunga mitihani mwaka baada ya mwaka na kuihifadhi Documents, kwa sababu ndipo programu inapompeleka. Bibi anapanga picha za wajukuu Desktop. D iko tupu. Siku ya kupiga Windows fundi anauliza, “Mama, D nisiiguse?” Anajibiwa asiiguse, kila mmoja anaamini mafaili yamesalimika, na C inafutwa pamoja na yote yaliyomo.

Kuzuia hasara hiyo ni kazi ya dakika chache. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Location, uielekeze D. Fundi anayekata diski bila kuzihamisha folda hizi hajamaliza kazi aliyolipwa, na ninasema hivyo nikijua wengi wao ni watu hodari na waaminifu.

Kuhusu ukubwa, SSD ya gigabaiti 500 itaonekana 465 hivi. Hakuna aliyekuibia: mtengenezaji huhesabu giga kuwa baiti bilioni 1, Windows huihesabu kuwa 1,073,741,824. Katika hizo 465 ningeiachia C 150. Windows 11 inadai diski isiyopungua gigabaiti 64, na bado hujaweka programu hata moja. Fomati iwe NTFS. FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4, na video ndefu ya harusi hufika huko upesi.

Diski ya zamani ichomolewe kabla mpya haijaguswa. Kwenye kioo, Disk 0 na Disk 1 zinafanana mno, na amri ya clean, inayofuta mgawanyo wote wa diski katika programu ya diskpart, haimuulizi mtu kama ana uhakika. Hili lisimamie kwa macho yako.

Wala D isichukuliwe kuwa nakala ya akiba. C na D zimo ndani ya kifaa kimoja. Kikifa, zinakufa pamoja, na mwizi akibeba kompyuta amebeba zote. Picha za marehemu na tasnifu ya mtoto zinahitaji diski ya pili, ya nje, inayowekwa mbali na mashine.

Baada ya hayo, idai diski yako ya zamani, hata ukiambiwa imekufa. Fomati ya haraka hutengeneza upya orodha ya mafaili tu. Yaliyoandikwa hubaki mpaka yaandikiwe juu, na ziko programu za bure za kuyafufua. Humo mna nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, hati za benki na picha za watoto wako. Duka likisema diski za zamani hubaki kwao, tafuta duka jingine kabla hujaacha kompyuta yako hapo.