Penzi na Ajabu katika Riwaya ya Kiswahili: Maoni ya Msomaji

1. Utangulizi

Katika miezi ya karibuni nimesoma, na nyingine nimezisoma upya, riwaya kadhaa za Kiswahili za aina mbili ambazo wahakiki wetu hawana mazoea ya kuziweka katika rafu moja, yaani riwaya za mapenzi na riwaya za ajabu. Za aina ya kwanza ni Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976) za Mohamed Suleiman Mohamed. Za aina ya pili ni Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila. Kati ya makundi hayo mawili imesimama Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, ambayo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, ni ya huku na ya huko.

Makala haya hayakusudii kuwa uhakiki kamili wa kazi hizo. Ni maoni ya msomaji aliyezisoma kwa mfululizo, na ambaye mfululizo huo umemdhihirishia jambo lisiloonekana kwa urahisi kazi hizo zinaposomwa mojamoja. Jambo lenyewe ni kwamba katika taaluma yetu ajabu imepewa heshima ambayo penzi limenyimwa. Riwaya inayomfufua maiti, au inayomtembeza mhusika katika nchi zisizo na ramani, huingizwa darasani, ikaandikiwa tasnifu na kutafutiwa istilahi. Riwaya inayosimulia mwanamume na mwanamke wanaopendana huulizwa kwanza kama ina jambo jingine la kusema. Ikiwa nalo, husomwa kwa ajili ya jambo hilo jingine. Ikiwa halina, huachiwa wachuuzi wa vitabu vya kando ya barabara. Nathubutu kusema kwamba mgawanyo huo hauna msingi katika mapokeo yetu, na kwamba umezidhuru aina zote mbili.

2. Palipokuwa pamoja

Fasihi simulizi yetu haikuijua tofauti hiyo. Mtambaji anaposema "Paukwa!" na hadhira ikamjibu "Pakawa!", pande zote mbili zimekwisha kukubaliana kwamba wanyama watasema, majini watatokea, na kijana atavuka bahari saba ili ampate ampendaye. Ajabu ndiyo njia, na penzi ndiyo sababu ya safari. Kadhalika ndivyo ilivyo katika hekaya za Alfu Lela Ulela, ambamo wataalamu wameonyesha kwamba Shaaban Robert aliipata mbegu ya Adili na Nduguze.

Tuitazame riwaya hiyo kidogo. Adili ana nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, ambao jini Huria amewageuza kuwa manyani kwa sababu ya ubaya waliomtendea ndugu yao. Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Asipotii, adhabu itamrudia yeye mwenyewe. Mara nyingi wanafunzi hufundishwa kuisoma riwaya hii kama somo la maadili, na majina ya wahusika yanaiunga mkono njia hiyo. Lakini iliyonishika katika kuisoma upya ni hali ya Adili mwenyewe: mtu anayewachapa kwa mkono wake wale anaowapenda, na anayejua kwamba chanzo cha wivu wao ni mapenzi aliyoyapata katika mji wa watu waliogeuka mawe. Ajabu hapa haikuwekwa kwa ajili ya kutushangaza tu. Imeyageuza mapenzi ya ndugu kuwa tendo la kila usiku linaloumiza anayepiga kama linavyoumiza wanaopigwa. Ukiiondoa ajabu, maumivu hayo yanakosa umbo. Ukiyaondoa mapenzi, viboko vinabaki kuwa adhabu tu.

3. Ajabu iliyobaki peke yake

Riwaya za ajabu za tangu miaka ya 1990 zimesifiwa, na kwa haki. Nagona iliivunja desturi ya uhalisia ambayo Kezilahabi mwenyewe alikuwa mmoja wa wajenzi wake. Msimulizi wake anasafiri katika dunia iliyochakaa, anakutana na wanafikra wakuu wa kale na wa karne za karibuni, na anakitafuta kitu ambacho kila anapokikaribia kinamponyoka. Nilipoimaliza nilikuwa na maswali mengi kuhusu ukweli, dini na historia. Hata hivyo, sikuwa na mtu wa kumlilia. Upweke wa msimulizi ni upweke wa fikra, nasi tunaualika akilini kama tunavyoualika mjadala.

Bina-Adamu! inaifuata njia iliyo karibu na hiyo. Msimulizi anamsaka P.P. katika dunia iliyofanywa kijiji, naye Hanna ndiye anayemwongoza. Ukali wa riwaya hiyo dhidi ya utandawazi hauna shaka, na vichekesho vyake vinauma panapostahili. Lakini Hanna, kwa maoni yangu, ni mwalimu kuliko mtu. Anaeleza na anaonyesha. Msomaji hapati nafasi ya kujiuliza yeye anataka nini, anaogopa nini, au nani amemkosea. Kiini cha tatizo, nadhani, ni kwamba ajabu inapotumiwa kama chombo cha hoja tu, wahusika hugeuka kuwa vielelezo vya hoja hiyo, na msomaji akiishaitambua hoja huwa hana haja nao tena.

Itasemwa kwamba riwaya za namna hii hazikukusudia kututoa machozi, na kwamba kuzidai mapenzi ni kuudai mwembe nazi. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama isingekuwapo Babu Alipofufuka. Riwaya hii nayo ni ya hoja: K, mkubwa mwenye cheo, anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, naye babu anamwonyesha uozo wa nchi na sehemu yake yeye K katika uozo huo. Lakini mwandishi ameiegemeza ajabu yake juu ya kifungo ambacho kila msomaji wa Afrika Mashariki anakijua mwilini, yaani kifungo cha babu na mjukuu, chenye haki ya utani na haki ya kukaripia. Laiti aliyefufuka angekuwa shujaa wa taifa au malaika, K angeweza kumpuuza. Babu hapuuziki. Kwa hiyo aibu ya K inakuwa aibu ya kifamilia kabla ya kuwa aibu ya kisiasa, na siasa yenyewe inapata uzito kutokana na hilo. Hoja haikupungukiwa kwa kupewa moyo.

4. Penzi lililobaki peke yake

Upande wa pili nao una hasara yake. Istilahi "riwaya pendwa" tunaitumia mkabala na "riwaya dhati", kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa cha dhati. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980, vitabu vidogo vya mapenzi na vya upelelezi vilipozagaa mijini, wahakiki wengi walivilaumu kwa kuwapotosha vijana. Hata Rosa Mistika (1971), ambayo leo ni kitabu cha kuheshimiwa, ilipata kupigwa marufuku shuleni. Yako mengi katika vitabu hivyo yaliyostahili lawama: wanawake waliochorwa kwa viuno na macho tu, matajiri wasio na asili, vifo vinavyokuja kwa wakati unaomfaa mwandishi. Lakini lawama ya jumla ilitufunga macho tusiulize penzi linafanya kazi gani ndani ya riwaya.

Kiu inalijibu swali hilo vizuri kuliko riwaya nyingi ninazozijua. Mwinyi, mzee mwenye mali, anamtaka Bahati, binti maskini. Idi, kijana mzuri wa sura, analifanya penzi la Bahati kuwa ngazi ya kuifikia mali ya mzee. Kila mmoja ana kiu yake. Mhakiki wa kitabaka ataona hapa nguvu ya fedha, na hatakosea. Lakini fedha inatuudhi katika riwaya hii kwa kuwa tumekwisha kuamini kwamba Bahati anapenda kweli. Mwandishi ametumia kurasa nyingi, kwa Kiswahili cha Unguja kilicho laini na chenye subira, kutufanya tuliamini hilo. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ustadi wa Mohamed Suleiman ni kutuonyesha kikohozi cha kughushi kinachosikika sawasawa na cha kweli.

Nyota ya Rehema inakwenda mbali zaidi. Rehema anakataliwa na baba yake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na maisha yanamtupa huku na huko mpaka anapompata Sulubu, mkulima asiye na makuu. Mapenzi yao hayasemwi kwa maneno mengi. Yanaonekana katika kulima pamoja. Kwa sababu hiyo, ardhi waliyoitolea jasho inapoingia mikononi mwa wengine, msomaji haoni mgogoro wa ardhi tu, bali anaona nyumba ya watu wawili ikibomolewa. Riwaya hii ina siasa nzito kuliko nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya siasa, na penzi ndilo linaloibeba.

Kutokana na kazi hizi napendekeza kipimo kimoja kwa aina zote mbili. Tuulize: je, dunia ya riwaya hii, iwe ya majini au ya mashamba ya minazi, inawagharimu nini watu wanaofungamana ndani yake? Pasipo na gharama, penzi ni pambo na ajabu ni kiini macho.

5. Hitimisho

Huenda ikaonekana kwamba suala hili ni la ladha ya msomaji mmoja. Sivyo. Wakati sisi tumekitenga kimoja na kingine, wasomaji wa kawaida hawakuvitenga. Leo simulizi za mapenzi husambazwa kwa simu, sehemu kwa sehemu, na miongoni mwa zinazosubiriwa kwa hamu zimo zile za kijana aliyeoa jini au msichana aliyependwa na asiyekuwa binadamu. Huko penzi na ajabu vingali pamoja, kama vilivyokuwa katika "Paukwa! Pakawa!". Baadhi ya simulizi hizo ni dhaifu, nyingine zina vipaji, lakini karibu zote zinapita bila kuhifadhiwa na bila mhakiki wa kumwambia mwandishi pale alipofaulu na pale alipokurupuka. Vitabu vidogo vya miaka ya 1970 na 1980 navyo vinazidi kuwa adimu. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua Waswahili walisoma nini kwa hiari yao atakuta tumemhifadhia yale tuliyowalazimisha kusoma.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili hazina budi kufanya mambo mawili. Kwanza, katika mitalaa ya uzamili, Kiu na Babu Alipofufuka zifundishwe katika kozi moja, ili mwanafunzi azoee kuliuliza penzi na ajabu swali lilelile. Pili, maktaba za vyuo zikusanye riwaya pendwa na simulizi za simu kwa bidii ileile iliyotumika kukusanya tenzi. Watangulizi wetu walizikusanya tenzi bila kungoja kwanza kuthibitishiwa kwamba kila moja ni bora. Walitambua kwamba watu wanazipenda, na sababu hiyo ikawatosha.